Nchi Haina Kipanya

Kila kikao cha mabeshte wangu hufika saa ambapo mtu mmoja anaweka glasi chini, anakohoa kidogo, kisha anasema: "Shida ya Kenya ni kwamba hatujawahi kupata mtu mmoja mkali wa kunyoosha hii nchi." Halafu mifano inaanza. Singapore itatajwa. Rwanda itatajwa. Na kwa kuwa wengi wetu ni watu wa gemu, kabla ya bili kuletwa lazima Japani itajwe. Eti Japani ilikuwa nchi ya makabaila wanaokatana shingo, akaja mtu mkali akawaunganisha, wakashika adabu, na leo wanatuuzia Probox.

Mimi nilikuwa mmoja wa wasemaji hao. Na nilikuwa na ushahidi, maana nilikuwa nimeiunganisha Japani mimi mwenyewe, mara kumi na moja, nikiwa nimekaa kitandani. Naandika haya kubishana na huyo msemaji. Kwa kuwa namjua vizuri, sitamwonea huruma.

Kwa wasiojua, kuna gemu inaitwa Europa Universalis IV, iliyotolewa mwaka 2013 na Paradox Interactive ya Stockholm. Si gemu ya kurusha risasi. Unapewa ramani ya dunia nzima, tarehe 11 Novemba 1444, unachagua dola moja, kisha unaiendesha hadi 1821 ukitaka, na kama una kazi asubuhi, pole. Unakusanya ushuru, unaoza watoto wa mfalme, unaunda majeshi, unapaka ramani rangi yako. Wakati unakimbia, na ukitaka kufikiri unausimamisha kwa kitufe kimoja. Hakuna rais aliyewahi kupewa kitufe hicho.

Sababu ya kuchagua Japani naijua, na naona aibu kidogo kuisema. Kwenye ramani hiyo Mombasa, Malindi na Kilwa zipo, unaweza kuzicheza. Lakini ukitoka pwani ukielekea bara, kabla ya kufika kwa falme za maziwa makuu, sehemu kubwa ni kijivu. Eneo lisilopitika. Hapamilikiwi, hapatozwi ushuru, jeshi halivuki. Babu za babu zangu walikuwa mahali fulani ndani ya hiyo kijivu, wakilima mtama.

Japani nayo imepambwa. Kila ukoo una bendera na rangi yake: Ashikaga, Hosokawa, Yamana, Ōuchi, Shimazu, Uesugi, Date, Oda. Mwaka 2017 ikatoka nyongeza nzima, Mandate of Heaven, iliyowapa Uchina na Japani mifumo yao wenyewe ya utawala. Kwa kijana wa Nairobi aliyechoka kushinda akiwa Ureno, hii ni raha ya kipekee. Unashinda na huvai sura ya mkoloni. Ukifika California kabla ya Mhispania, unajisikia umelipa kisasi cha mtu, hata kama hujui ni cha nani. (Na usiniulize kuhusu Yasuke. Nikitamka tu neno Japani, kuna msee lazima aniulize kuhusu Yasuke.)

Nilikuwa nacheza Oda, kwa sababu wachezaji wazoefu watakwambia uanze na Oda. Askari wake ni wakali kuliko wa jirani. Unameza jirani mmoja mmoja, unasubiri shoguni achoke, unaiteka Kyoto, na ushoguni unakuja kwako. Kisha unawamaliza waliobaki. Siku nzuri nilikuwa nafunga hesabu kabla ya mwaka 1500. Toyotomi Hideyoshi wa kweli alifunga hesabu yake 1590. Yaani nilikuwa nampiga Hideyoshi kwa karibu karne nzima, na sikuwa hata nimeoga.

Kilichoniharibia hiyo raha ni kitu kidogo.

Ilikuwa Julai 2024. Mwezi uliotangulia nilikuwa barabarani, kama wengi wa rika langu, tukikataa Muswada wa Fedha. Tulikula moshi, tulikimbia, kuna waliotoka nyumbani wasirudi, na tarehe 26 Juni rais akatangaza kwamba hatautia saini. Nikarudi kwa gemu kupumzisha kichwa. Nilikuwa shoguni. Vita vimenikausha, hazina tupu, mikopo mitano juu yangu, na nimewasha kodi ya vita ili nilipe riba. Juu ya skrini ikatokea alama ya onyo. Nikaisogezea kipanya: wakulima, mkoa mmoja karibu na Kyoto, wanakaribia kuinuka.

Gemu inakupa njia. Unaweza kukubali madai yao. Au unaweza kubonyeza kitufe cha kuwakandamiza, ulipe pointi kadhaa za kijeshi, na ule mstari unaopima hasira yao unarudi nyuma. Nilibonyeza kabla sijafikiri. Hicho kitufe nilikuwa nimekibonyeza mamia ya mara, na kile kingine cha kukubali sikukumbuka kama nimewahi kukigusa. Halafu nikatoa mkono kwenye kipanya, maana nilikuwa bado nakohoa.

Nikafanya kile tunachofanya sote tukikosa usingizi: nikasoma. Nilitaka kujua wale wakulima wa 1444 walikuwa akina nani hasa. Nikakuta kwamba gemu inaanza miaka mitatu tu baada ya wao kushinda.

Mwaka 1441 shoguni alikuwa Ashikaga Yoshinori, mtu mkali kabisa wa aina ile tunayoiomba tukiwa na glasi mkononi. Alinyoosha watu kweli. Waliomkera walipoteza vyeo, ardhi, na wengine shingo. Ukali ulipozidi, kabaila mmoja, Akamatsu Mitsusuke, akaamini kwamba zamu yake imefika, akamwalika shoguni kwa karamu na kumwulia hapo hapo nyumbani kwake. Jeshi likatoka mjini kwenda kumwadhibu Akamatsu. Wakulima wa vijiji vinavyoizunguka Kyoto wakaona mwanya. Wakaziba njia za kuingia mjini, wakavamia wakopeshaji, wenye maduka ya rehani na watengeneza pombe ya mchele, na wakadai kitu kimoja kinachoitwa tokusei: madeni yafutwe. Serikali ya shoguni ikatoa amri ya kuyafuta.

Na hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1428 uasi kama huo ulianzishwa na bashaku wa Ōmi, watu waliobeba mizigo ya wengine kwa farasi kuingiza mjini. Watu wa boda wa zama zile, ukipenda. Waliijua kila njia, walijua nani anadaiwa na nani, na habari ilisafiri nao. Mtawa mmoja aliyeandika kumbukumbu za wakati ule alishtuka: kwa ujuzi wake, tangu Japani iwe Japani, watu wa chini hawakuwahi kuinuka namna ile.

Sasa rudi kwenye skrini, tarehe 11 Novemba 1444. Ramani inakuonyesha dola ya Ashikaga na mtawala wake. Ukweli ni kwamba siku hiyo Japani haikuwa na shoguni aliyetawazwa. Mtoto aliyemrithi Yoshinori alifariki 1443. Mdogo wake, Yoshimasa, alikuwa na miaka minane, na cheo hakukipata rasmi hadi 1449. Miaka hiyo yote mpunga ulipandwa, masoko yalifunguliwa, kesi zilisikizwa, watu walioana. Nchi iliendelea kuwa nchi. Lakini gemu haiwezi kukuonyesha nchi isiyo na mtu juu, kwa sababu ikikuonyesha hivyo, wewe utakaa wapi?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Siwalaumu watu wa Stockholm. Gemu lazima impe mchezaji mkono mmoja, la sivyo hakuna gemu. Ugomvi wangu ni na sisi, tunaotoka na huo mkono mmoja mpaka kwenye siasa. Ukikaa saa elfu mbili ukiendesha nchi kwa kipanya, unaanza kuamini kwamba nchi ni kitu kinachoendeshwa kwa kipanya, na kwamba kama mambo yameharibika ni kwa sababu aliyeshika kipanya ni mjinga. Dawa inakuwa rahisi: tafuta mchezaji bora.

Japani ya makabaila ndiyo nchi mbaya zaidi ya kuchagua kama unataka kuthibitisha jambo hilo.

Chukua mkoa wa Yamashiro, ule wenye Kyoto ndani yake. Kusini mwa mkoa huo, mwaka 1485, pande mbili za ukoo wa Hatakeyama zilikuwa zikipigana kwa miaka na kula mavuno ya watu wasiohusika. Mwezi wa Desemba wa kalenda yao, mabwana wadogo wa hapo, wenye umri wa kuanzia miaka 15 hadi 60, wakakutana kwa mkutano mmoja, na wakulima wakakusanyika pia. Wakaziambia pande zote mbili: ondokeni. Na majeshi yakaondoka. Mwaka uliofuata wakakutana Byōdō-in, lile hekalu la Uji, wakapanga kanuni zao. Watu 36 wakasimamia mambo ya eneo hilo hadi 1493. Miaka minane bila gavana kutoka juu.

Chukua Kaga. Mwaka 1488 wakulima, watawa wa madhehebu ya Ikkō na mabwana wadogo waliungana, wakamwangusha gavana wao, Togashi Masachika. Mkoa huo ulibaki mikononi mwa umoja wao hadi 1580. Hiyo ni miaka 92. Kenya huru bado haijafika hapo.

Sisemi kwamba mambo yalikuwa matamu. Mabwana wadogo walikuwa mabwana bado, watawa walitoza yao, na watu walipigana wenyewe kwa wenyewe. Umoja wa Yamashiro ulivunjika kutoka ndani. Ninachosema ni kwamba watu hawa walikaa, wakabishana, wakaweka sahihi, wakatawala. Kwenye skrini yangu walikuwa mstari unaopanda, na kazi yangu ilikuwa kuushusha.

Beshte wangu atasema: sawa, lakini nani alileta amani? Si wale wakali watatu, Oda Nobunaga, Hideyoshi na Tokugawa Ieyasu?

Swali ni la haki. Baada ya 1615 Japani ilikaa zaidi ya karne mbili bila vita vikubwa vya ndani, isipokuwa uasi wa Shimabara wa 1637 na 1638. Amani hiyo ilikuwa ya kweli, na mama aliyelea watoto ndani yake hana haja ya somo langu. Lakini tuulize bei.

Hideyoshi alizaliwa chini kabisa, akapanda kwa sababu zama zile za fujo zilikuwa na ngazi. Alipofika juu, akaiondoa ngazi. Mwaka 1588 alitoa amri ya msako wa panga: kila mkulima asalimishe upanga, mkuki, upinde na bunduki. Waliambiwa chuma chao kitayeyushwa kiwe misumari ya hekalu la Buddha mkubwa wa Kyoto, kwa hiyo watabarikiwa hapa duniani na huko waendako. (Kama umewahi kuelezwa kwamba kodi mpya ni kwa faida yako, unaijua hiyo sauti.) Mwaka 1591 akaongeza amri nyingine iliyomzuia askari kuwa mkulima na mkulima kuacha shamba akafanye biashara. Na gemu, kwa kuwa imefanyiwa utafiti na watu makini, inacho kitufe cha msako wa panga. Shoguni akibonyeza, basi. Hakuna mtu anayezungumza kutoka upande wa pili wa kitufe.

Kisha mtu mkali akawa na tatizo ambalo watu wakali huwa nalo: jeshi kubwa lisilo na kazi. Mwaka 1592 alilituma Korea, akilenga Uchina. Vita vilidumu hadi alipokufa 1598. Askari wake walikata pua za Wakorea, wanajeshi na raia, wakazitia chumvi ndani ya mapipa na kuzipeleka Japani kama ushahidi wa kazi iliyofanyika. Pale Kyoto kuna kilima cha nyasi walipozizika. Kinaitwa Mimizuka, kilima cha masikio, ingawa nyingi zilikuwa pua. Kipo mpaka leo, mtaani, karibu na nyumba za watu.

Mimi Korea nimeichukua mara tisa kati ya zile kumi na moja. Ni hatua ya kawaida; baada ya kuiunganisha Japani, ukikaa bure unabaki nyuma. Mikoa ni tajiri, iko karibu. Nilikuwa napaka rangi yangu juu yake huku nikijiambia kwamba nalipa kisasi cha waliotawaliwa. Mimi, ambaye mipaka ya nchi yangu ilichorwa na watu walioinamia ramani, nilikuwa nimeinamia ramani. Kama raha yangu ya kucheza Japani ilikuwa kwamba sivai sura ya mkoloni, basi nilipaswa kujiangalia kwa kioo.

Beshte hataki kushindwa. Atasema: hayo ni ya zamani, mimi naongelea Meiji. Viwanda, reli, shule, miaka thelathini tu. Pale palikuwa na mkono mmoja.

Haya, twende Meiji. Mwaka 1873 serikali mpya ilianzisha kodi ya ardhi ya asilimia 3 ya thamani ya shamba, ilipwe kwa pesa taslimu, mavuno yawe mazuri au mabaya. Mwaka huo huo ikaanza kuwachukua vijana jeshini kwa lazima. Watu wakainuka dhidi ya jeshi hilo la lazima, na serikali ikawaponda. Mwaka 1876 bei ya mchele ikawa imeshuka na kodi imebaki pale pale, wakulima wa Ibaraki na wa Mie wakainuka. Nao wakapondwa. Lakini Januari 1877 kodi ikashuka kutoka asilimia 3 hadi 2.5. Wale wazee wa Meiji wenye masharubu, ambao picha zao hutumwa kwenye makundi yetu ya WhatsApp na maneno ya motisha, waliogopa. Walipunguza kodi kwa sababu watu waliokuwa na mikuki ya mianzi waliwalazimisha.

Kwa hiyo hata ile Japani tunayoiga kwa maneno haikujengwa na mkono mmoja. Ilijengwa kwa kuvutana. Waliovuta kutoka chini walizikwa bila majina, waliovuta kutoka juu wakapata sanamu, na sasa gemu inatupa sanamu tuziendeshe.

Najua kuna msomaji anayesema: bro, ni gemu tu, tulia. Ningetulia kama maneno yangebaki kwenye gemu. Lakini nimekaa mezani baada ya Juni 2024 na watu tuliokimbia pamoja, watu waliogawana nami maji ya kunawa macho, na nimewasikia wakisema tena kwamba tunahitaji mtu mmoja mkali. Kana kwamba hawakuwepo. Kana kwamba ule muswada uliondolewa na mtu mmoja aliyekuwa na hekima juu ya skrini. Tulikuwa sisi ile alama ya onyo. Hatukuwa na kiongozi, tukalaumiwa kwa kukosa kiongozi, halafu tukaanza kujilaumu wenyewe kwa maneno yale yale.

Mtu mkali unayemwomba ana kitufe, na akikibonyeza, wewe hutakuwa upande wa kipanya. Utakuwa mkoani, karibu na Kyoto.

Bado nacheza. Singekudanganya. Juzi nimeanza tena na Oda, na nimejiwekea sheria ya kijinga: wakulima wakiinuka, nakubali madai. Nachelewa. Hazina inalia, makabaila wananidharau, na Hideyoshi wa kweli pengine atanitangulia safari hii. Lakini kila nikibonyeza kile kitufe nilichokuwa sikigusi, nakumbuka jiwe moja.

Liko Yagyū, karibu na Nara. Ni mwamba mkubwa uliochongwa sanamu ya Jizō, mlinzi wa wasafiri na watoto. Pembeni, watu wa vijiji vya hapo walichonga maneno machache baada ya uasi wa 1428. Hawakuandika jina la shoguni, wala la shujaa yeyote, wala la ukoo wenye bendera. Waliandika kwamba, kuanzia mwaka ule kurudi nyuma, katika vijiji vinne vya Kanbe hakuna deni lililobaki.

Wakulima hao walijua karatasi inaweza kuchomwa na amri inaweza kubatilishwa, kwa hiyo wakachukua patasi. Siku ambayo sisi tutachonga jiwe letu, nataka tuwe makini tunapofika kwenye nafasi ya jina. Tuiache wazi, au tuandike ya kwetu sote.